Kumi na Mwenda

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na sipendi kufundishwa kuongea. Darasani kwangu Kihaya kilikuwa marufuku; aliyekisema alitoka nje akapiga magoti. Kwa hiyo siku walipotugawia simu sisi wasimamizi wa mashindano ya baiskeli ya wanawake, kutoka Muleba mpaka Bukoba, nilinuna. Mwenyekiti wa kamati alieleza: ukiona mtu kavunja sheria, bonyeza, taja namba yake na kosa lake. Simu inaandika yenyewe, ujumbe unafika mezani kwa waamuzi papo hapo.

"Tamka vizuri tu, mwalimu," akaniambia.

Mimi! Niambiwe nitamke vizuri!

Nilipangwa kwenye kilima kabla ya kufika Rwamishenye. Mama mwenye duka akanipa kiti, nikakaa natafuna ndizi ya kuchoma. Nikaijaribu ile simu: "Habari za asubuhi." Ikaandika bila kukosea hata herufi moja. Nisiseme uongo, nilianza kuipenda.

Wa kwanza kupita alikuwa namba kumi, peke yake, amesimama kwenye pedeli, jasho linamchuruzika. Nikampigia makofi. Nyuma yake kidogo likaja lori la ndizi, linapanda taratibu, na ubavuni mwake namba kumi na tisa, mkono mmoja kashika bodi, anavutwa bure. Tena anatabasamu! Hasira zikanipanda. Nikabonyeza, nikapayuka, nikatia simu mfukoni bila hata kusoma.

Nilipofika uwanjani mjini, namba kumi alikuwa amekaa kwenye nyasi kando ya baiskeli yake, analia bila sauti. Alikuwa amefika wa kwanza na wamemfuta. Kumi na tisa ndiye aliyekuwa anasubiri kombe. Nikamvaa mwamuzi, naye akanifungulia ujumbe wangu mwenyewe: "Namba kumi anaenda kashika lori."

Nilitaka kuitukana ile simu. Kisha nikajisikia tena pale kilimani, nilivyopayuka: namba kumi na mwenda! Mwenda, yaani tisa, kama tulivyohesabu mikungu ya ndizi nyumbani kwa mama. Hasira ilikuwa imenirudisha kwenye Kihaya, na simu isiyokijua ikasikia "anaenda".

Ningesema mashine ni mbovu, wangeniamini. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Namba kumi alikuwa bado analia. Nikaomba kipaza sauti, nikaeleza yote mbele ya watu, pamoja na hilo neno lenyewe. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Jamani, niliona aibu! Waamuzi wakateta kidogo, wakamfuta kumi na tisa, wakamrudishia namba kumi ushindi wake.

Akaja kunishukuru, kombe kwapani. Nikamwomba radhi. Akanitazama usoni, akacheka kidogo, akaniita kwa heshima ya Kihaya.

"Mwalimu waitu, hunikumbuki? Darasa la pili. Nilikuwa nahesabu, nilipofika tisa nikasema mwenda. Ukanitoa nje, nikapiga magoti."

Sikumkumbuka. Niliwatoa wengi.

"Ulikaa nje muda gani?" nikamuuliza.

"Mpaka kengele, mwalimu."