Uji wa Kumpa Apeduno Nguvu

Madereva wa malori wanaopanga foleni Malaba wakisubiri kuvuka kwenda Uganda walimjua Apeduno kwa chapati zake. Mimi Nerima nauza samaki wa Port Victoria kwenye meza iliyo karibu na yake, na nasema bila wivu: barabara hiyo yote haikuwa na mtu wa kumshinda. Chapati ya kwanza aliila mwenyewe kupima chumvi, na mchana alikula nyingine kwa chai. Na kila uchao alizidi kukonda.

Ukikonda Malaba, mji wa madereva na lojing'i, watu hawangoji uende hospitali. Wanakupima kwa macho na majibu yanatoka hapo hapo. Apeduno alipimwa virusi mpaka wahudumu wakalijua jina lake, na hakuwa navyo. Akatibiwa taifodi, akatibiwa amiba, akatibiwa vidonda vya tumbo. Bado tumbo lilijaa gesi na kuendesha, damu ikapungua, nywele zikakatika. Mumewe Otukei, anayepakia na kupakua mizigo mpakani, alishauriwa na wenzake atafute mke mwingine mapema. Otukei akawaambia watafute kazi ya kufanya.

Mwishowe daktari mmoja alishuku jambo, akamtuma Eldoret. Huko aliingizwa kamera tumboni, kikatolewa kipande kidogo cha utumbo, kikapimwa. Ugonjwa ukapata jina: seliaki. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni, na mwili wa Apeduno unakiona kama adui. Unapigana nacho, na katika vita hivyo utumbo ndio unaoumia. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha ngano maisha yote, hata chembe.

"Daktari, lakini mimi ndio hupika chapati," Apeduno alimwambia.

"Basi utapika kitu ingine, mama."

Alinisimulia hayo akicheka, kisha akalia. Nilimwacha alie.

Mwanzoni alijaribu kupika bila kula. Haikusaidia, kwa kuwa vumbi la unga halijui kwamba umeacha. Ndipo akamwachia msichana wa ng'ambo ya barabara kikaango na ubao wa kusukumia, akaanza kupika atap, ule ugali wa Wateso wa muhogo na wimbi, pamoja na kunde za karanga na samaki wangu. Madereva walinung'unika. Mmoja wa Kampala alimuuliza kama ameokoka kwenye kanisa linalokataza chapati. Lakini njaa haichagui, wakakaa wakala, na wengi wakarudi.

Nyumbani alitenga sufuria yake na mwiko wake. Aligundua kwamba viungo vingine vya pakiti vya mchuzi vimechanganywa na ngano, akarudia nyanya na kitunguu. Kwenye mashine ya kusaga alikuwa anatanguliza mahindi kidogo ya kuisafisha mabaki ya ngano, unga huo anapelekea kuku, ndipo anamwaga muhogo na wimbi wake. Mwenye mashine alimwona mtu wa maringo. Mimi nilimwona mtu anayetaka kuishi. Mashavu yakajaa, akaanza tena kubishana na mimi kuhusu ukubwa wa samaki, nikajua amepona.

Kilichobaki kigumu ni watu. Huku kwetu mtu akikukaribisha chakula ukakataa, hujakataa chakula. Umesema mwenye nyumba ni mchawi. Huhitaji kufungua mdomo, sahani inakusemea. Krismasi ile Apeduno na Otukei walikwenda Kocholia kwa mama mkwe, Toto Asio. Toto ni mama kwa Kiteso, na huyu ni mama wa watu wengi kuliko aliowazaa. Chapati zilikuwa zimepangwa tangu asubuhi, maana Krismasi bila chapati ni Jumanne tu. Apeduno akafungua hotpoti aliyotoka nayo Malaba, akala atap yake kimya kimya. Wanawake waliokuwepo wakatazamana.

"Miaka hii yote nimelisha watu," Toto Asio alisema, "leo bibi ya mtoto yangu anakuja kwangu na chakula yake?"

Otukei alijaribu kueleza. Daktari amekataza chapati, mama. Amekataza mandazi. Mkate pia. Toto Asio alisikiliza, lakini alikuwa ameumia, na jioni aliwaaga bila kuwasindikiza hadi njiani. Apeduno alirudi amenyong'onyea kuliko siku za ugonjwa. Alimpenda yule mama. Watu walipomwambia Otukei aoe mwingine, Toto Asio ndiye aliyewafukuza kwa mwiko.

Baada ya muda ukaja mfuko kutoka Kocholia. Unga wa uji: wimbi, mtama, muhogo mkavu, umesagwa laini. Ujumbe ulikuwa mfupi, kwamba kama shida ni chapati, basi mtoto anywe uji apate nguvu. Apeduno aliushika mfuko ule kifuani. Akawa anakunywa asubuhi na jioni, na kila mfuko ulipokaribia kuisha, mwingine ulifika.

Tumbo likaanza tena.

Niliona kabla hajaniambia. Alikuwa anashikilia meza akiinama kuchochea moto. Kisha uji ulichelewa kuja kwa sababu ya mvua, akapata nafuu. Uji ulipofika, akaanguka tena. Mimi si daktari, lakini macho ninayo.

"Hii uji ndio inakumaliza," nilimwambia.

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisiseme kwa nini?"

"Nikisema uji ya mama inanigonjesha, nitakuwa nimesema nini?"

Hapo nikaelewa. Alikuwa amekataa chapati za mama mkwe mbele za watu. Sasa akisema na uji wake una sumu, ukoo mzima ungemsikia akimwita mchawi, na safari hii kwa mdomo wake. Kwa hiyo alikuwa anakunywa. Alijua, na bado alikuwa anakunywa! Nilikasirika hata nikamkosea mteja chenji. Nilimwambia tutakwenda Kocholia, atake asitake, na nitasema ninakwenda kujifunza kutengeneza uji.

Toto Asio alifurahi kutuona, ila alipomtazama Apeduno vizuri uso ukabadilika. "Mbona amekonda tena? Hanywi?" Nikamwambia anakunywa, na mimi nataka nionyeshwe unavyochanganywa. Akaleta ungo. Akamwaga wimbi, akamwaga mtama, akavunja muhogo mkavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo, akakung'uta juu ya ungo konzi nzima ya ngano, ile ya punje.

"Hii ndio ya kumpa nguvu," alisema kwa fahari. "Uji ya wimbi peke yake ni ya wazee. Naendanga kuitafuta mpaka soko ya Malaba."

Apeduno aliziba mdomo kwa kiganja.

"Toto," nilisema, "hiyo ni ngano. Daktari alikataza ngano."

"Alikataza chapati! Na mandazi, na mkate. Otukei alinitajia hapa hapa. Nani alinitajia uji?"

Na ni kweli. Alitajiwa vyakula vyote, hakuna aliyemtajia nafaka. Kwake chapati ni chapati, na punje za ngano ndani ya uji ni chakula cha mgonjwa, ndivyo alivyolea watoto wake wakapona surua. Nikamweleza polepole, na kila nilipoendelea mikono yake ilizidi kurudi nyuma kutoka kwenye ungo.

"Ni mimi," alisema. "Yale sahani yake ilisema Krismasi, ni mimi kweli mchawi."

"Hapana, mama," Apeduno akasema. "Hukujua."

"Wewe ulijua?"

Toto Asio akamgeukia kabisa.

"Nakuuliza. Ulijua ni uji?"

"Nilishuku, mama."

"Na ukaendelea kunywa."

"Ningekuambia aje? Ungesema nakuita mchawi."

Yule mama aliinuka, akakaa tena kama mtu aliyesahau alikotaka kwenda. Nilidhani atalia. Hakulia. Alimshika Apeduno mkono kwa nguvu, akaugeuza, akautazama ule mfupa wa kifundo uliokuwa umechomoza, na sauti ilipotoka ilikuwa ya hasira.

"Si ungeniita! Niite mchawi, nikasirike, nikununie mpaka nizeeke. Mimi nitatulia siku moja. Sasa ungekufa hapa kwa kuniheshimu, hiyo heshima ningeipeleka wapi?"