Gubiti ya Tusa

Wanaonifahamu hapa Kyela watacheka kabla hawajamaliza mstari huu. Mimi ndiye yule niliyesimulia kwamba mkungu mmoja wa ndizi wa shambani kwetu Njisi ulibebwa na wanaume sita, na kwamba shule ya jioni nilimsahihisha mwalimu mpaka akaniachia chaki. Haya, hizo nilitia chumvi. Hii ya gubiti sikuitia hata punje, na kuna mafundo matatu nyumbani kwetu ya kunishuhudia.

Unaikumbuka gubiti? Sukari inachemshwa na ndimu mpaka inakuwa ya kahawia, inamwagwa, inaganda ngumu kama kioo. Dukani kwake Bondeni, ng'ambo ya mto, aliipika Mzee Bakari, mtu wa Pwani, na harufu yake ilituvukia bila daraja. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na mdogo wangu Tusa. Mama alikuwa akinunua moja, anaiviringa kwenye pindo la kitenge, anaivunja kwa jiwe. Asiyekuwepo hakusahaulika. Fungu lake lilifungwa kwa jani kavu la mgomba, likakazwa kwa mafundo matatu, moja la kila mmoja wetu, likachomekwa juu ya mlango. Kuyafunga mafundo yale alijua mama na Tusa tu. Vidole vyangu mimi vilikuwa vya kula tu.

Nilikuwa na miaka kumi, Tusa saba, malaria ilipomkamata. Akapewa klorokwini. Uchungu wa dawa ile, usiniambie! Kila akipewa anaitema.

"Nitameza nikipata gubiti," akamwambia mama.

Mama akanituma mbio Bondeni. Nikainunua. Niamini, nilikusudia kulamba pembe tu. Nilipofika kwenye migomba yetu, mkononi nilikuwa na kipande cha gazeti kitupu.

"Duka limefungwa, mama," nikasema.

Tusa alinitazama mdomoni. Dawa akaitema tena, na tena. Alfajiri hatukuwa watatu.

Unajua mama alimlaumu nani? Mzee Bakari. "Siku zote yuko wazi, akafunga siku ile moja!" Mpaka mzee wa watu anakufa, mama hakumsalimia. Nami nilikuwepo, nikasikia, nikanyamaza.

Sasa, juzi juzi tu, msimu wa mvua, nilikuwa Bondeni kuuza kokoa. Saa saba mchana, kweupe kabisa, nani alikudanganya kwamba mambo haya yanasubiri usiku? Mvua ya Kyela haibishi hodi. Nikakimbilia kibaraza cha duka la Mzee Bakari, ambalo alipokufa liligeuzwa stoo ya mpunga, kisha likaachwa, kufuli limeshika kutu.

Kufuli halikuwepo. Mlango ulikuwa wazi, na ndani ilinukia sukari na ndimu. Nyuma ya meza alisimama mwanamke, mdogo kwangu kwa kama miaka mitatu hivi, kitenge kikavu.

"Ugonile, kaka," akanisalimu kwa Kinyakyusa. Halafu akanipima juu hadi chini. "Bado unakula njiani?"

Akacheka. Kicheko kilichoishia na kwikwi, kile kile cha Tusa. Nilikizika kicheko kile mwenyewe, kwa mikono yangu!

Akanisogezea kifurushi cha jani la mgomba. "Cha mama. Hiki usikionje."

"Dada... wewe nani?"

"Mvua imekatika, kaka. Nenda."

Nikageuka kutazama nje. Kweli, jua. Nilipogeuka tena, mlango umefungwa, kufuli na kutu yake, na juu yake utando wa buibui mzima. Kifurushi kilikuwa mkononi, kina joto.

Wewe ungefanyaje? Nilikwenda nyumbani. Sikuonja. Nilimkuta mama anapeta mchele, nikampa. Akapapasa fundo la kwanza, la pili, la tatu. Ungo ukamteremka magotini.

"Umekitoa wapi hiki?"

Kudanganya ni kazi ninayoiweza, lakini siku hiyo ulimi ulikataa. "Kwa Mzee Bakari, mama. Kulikuwa wazi."

Kuku wakaja kudonoa mchele uliomwagika. Hakuwafukuza.

"Na siku ile, baba?"

Nikatazama chini kama mtoto wa miaka kumi.

Mama hakukifungua. Alikichomeka juu ya mlango, na kipo mpaka leo. Sisimizi wanakizunguka, hawakigusi. Kesho yake akajikongoja na fimbo mpaka kaburini kwa Mzee Bakari, akakaa huko hadi jua likapinda. Chakula bado ananipikia, bado ananipakulia. Ila haniiti tena baba. Na tangu mchana ule kila kitamu kinywani mwangu ni klorokwini: miwa, asali, ndizi mbivu. Chai nimeitia vijiko vinane. Klorokwini.

Basi wewe unayesoma, mgonjwa akikuagiza kitu, hata kiwe kidogo kama ukucha, kifikishe. Na kama ulishakila njiani, nenda ukaseme leo, kwa mdomo wako. Usingoje mpaka duka lifunguliwe.