Fisi Aliyenyimwa Nyanya Runzewe

Ipo siku moja ya mnada pale Runzewe ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Siku hiyo wauza nyanya walikataa kumuuzia babu yako. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, wala hakuwa amemtukana mtu. Alifika kwenye turubai la mama mmoja, akamwamkia, akachagua nyanya zake taratibu. Yule mama akazitoa mkononi mwa babu yako moja moja, akazirudisha kwenye fungu.

"Mimi siuzi kwa mtu wa aina yako," akamwambia. "Jumamosi nilikuona kwa macho yangu ukimkanyaga mwenzio kichwani, naye yuko chini."

Babu yako akarudisha hela yake mfukoni. Akaenda kwa wa pili. Wa pili akampa mgongo.

Nakusimulia haya, Masanja mjukuu wangu, kwa sababu ya jana, na kwa sababu nimechoka. Jana jioni ulikuwa umekaa hapa hapa sebuleni kwetu Kalangalala, simu mkononi, unaangalia mieleka yako. Sina ugomvi na mieleka. Nilianza kuitazama kabla mama yako hajazaliwa, na nikianza kuichambua utanyamaza mwenyewe. Lakini ukaanza kumwandikia yule mwanamke wa ng'ambo, yule anayecheza upande wa ubaya. Ukamsomea mdogo wako Ngasa kwa sauti ulichoandika: kwamba ni mchawi, kwamba siku akivunjika shingo utachinja mbuzi. Ngasa naye badala ya kukukanya akaanza wimbo wake wa kila siku, kwamba yote ni maigizo, wanapangiana, na wewe ni mjinga kwa kuamini. Mkagombana mpaka chakula kikapoa.

Hakuna hata mmoja wenu aliyemwona babu yenu. Aliweka kikombe cha chai chini, akatoka, akaenda kusimama kwenye banda la kuku kama mtu aliyesahau alichofuata. Mlidhani uzee. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu, na ya ulingoni anaijua aliyepigiwa kelele.

Wakati ule mimi nilikuwa msichana, najifunza cherehani sokoni Runzewe. Babu yako, Luhende, alikuwa mpiga matimba machimboni. Ndio watu wanaosimika magogo ndani ya duara, lile shimo la dhahabu, ili udongo usiwaangukie waliomo. Ni kazi ya mtu mwangalifu. Mwili wake ulikuwa mkubwa kama mlango wa ghala na sauti yake ndogo kama ya mtu anayeomba radhi. Jumapili aliimba besi kanisani. Alikwisha kuleta posa kwetu na baba yangu, Mzee Maganga, alikwisha kuipokea.

Sasa mjini pale kulikuwa na bwana mmoja kutoka Tanga, tulimwita Mzee Video. Alikuwa na banda la maturubai, jenereta, na kanda za mieleka ya Wazungu zilizochezwa mpaka picha inatetemeka. Wazee ambao hata Kiswahili kiliwapiga chenga walizielewa kuliko sisi vijana, maana mieleka haihitaji mkalimani. Yupo mwema, yupo mbaya, na mwamuzi siku zote anatazama pengine. Baba yangu, mtu ambaye kwenye mkutano wa kijiji ilibidi aitwe mara tatu, hakukosa hata siku moja. Alikaa mbele kabisa, kwenye kigoda chake mwenyewe alichokibeba kutoka nyumbani.

Kanda zilipoanza kuchosha, Mzee Video akasema tufanye ya kwetu. Magunia ya pumba za mpunga yakapangwa chini na kufunikwa turubai, zikafungwa kamba za katani kuzunguka, ukawa ulingo. Vijana wa machimboni wote walitaka kuwa wema. Juma, rafiki mkubwa wa babu yako, aliyekaa naye chumba kimoja, akachukua jina la Simba. Kwenye ubaya hapakuwa na mtu. Luhende akasema kwa ile sauti yake, "Basi nitakuwa mimi. Bila mbaya, watu watatazama nini?"

Mzee Video akamwita Fisi. Yeye mtu wa pwani, alidhani ni jina la kuchekesha. Kwetu Usukumani fisi si mnyama tu, mwanangu. Wapo wanaoamini kwamba wachawi humpanda kama punda na kuzunguka naye. Lakini jina likabaki. Nikashona kinyago kwa kitambaa cha godoro, nikakitia madoa ya wino, na Luhende akaingia ulingoni uso umefunikwa. Asubuhi nilikuwa nawaona wawili hao nyuma ya banda wakifundishana kuanguka. "Shika shingo hivi," Juma alikuwa anamwambia, "na usiniachie mpaka niseme." Mtu amwekee mwenzake shingo mikononi, halafu watu waseme wanachukiana.

Fisi alichukiwa vibaya sana. Alikuwa anapiga mwamuzi akigeuka, anatupa vumbi machoni, anamkanyaga Simba akiwa chini. Baba yangu alimrushia katambuga zake zote mbili, ule mguu na huu, akarudi nyumbani pekupeku akitweta. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mimi nilijua, yeye hakujua.

Halafu Jumamosi ile, kama walivyopanga, Simba akamvua Fisi kinyago.

Baba alisimama pale pale. Akamtazama Luhende, akanitazama mimi. "Yule ndiye aliyeleta posa kwangu?"

"Ndiye, baba."

"Basi posa imekwisha. Siwezi kumpa binti yangu mtu anayempiga mwenzake mwamuzi akigeuka."

Nikamwambia, "Baba, wanapanga. Yeye na Juma wanakaa chumba kimoja, wanakula sahani moja."

"Ndiyo maana," akasema. "Mtu anayemfanyia hivyo anayekula naye sahani moja, mke atamfanyaje?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Niulize mimi, niliyejaribu siku nzima.

Baada ya hapo ndipo zikaja zile nyanya. Kanisani wenzake wakamwomba akae nyuma kidogo ya kwaya, eti watoto wanaogopa. Akakubali. Alikuwa anatabasamu tu na kusema yatapita. Kisha kwenye boma moja akafa ng'ombe ghafla, na mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akasema, "Fisi." Neno moja hilo. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nimeliona likiharibika mbele ya wengi, na kila mmoja akiongeza lake. Ilipofika Jumatano, mji mzima ulikuwa na watu waliomwona Luhende mahali ambapo hakuwahi kufika. Mwanangu, katika nchi yetu hii watu wamekufa kwa maneno ya namna hiyo. Usinicheke.

Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda, Luhende na Juma walikuwa njiani kwenda machimboni. Vijana wakatokea vichakani na fimbo. Hawakuuliza kitu. Wa kwanza aliinua fimbo kumpiga Luhende kichwani, na Juma akaingia katikati na kuikinga kwa mkono wa kulia. Mfupa ukalia. Aliyepiga alikuwa kijana ambaye Jumamosi ile ile alimbeba Juma mabegani akimwita Simba wetu. Alipoona amemvunja nani, akatupa fimbo na kukimbia, na wenzake nyuma yake. Luhende alimbeba Juma mgongoni mpaka zahanati, analia njia nzima, yeye ambaye hakuguswa.

Habari zikamfikia babu yetu Ng'wandu, baba mdogo wa baba yangu. Huyu enzi zake alikuwa manju wa ngoma ya nyoka, anacheza na chatu shingoni. Alikuja kwetu kwa baiskeli, mzee vile, akawaita Luhende na Juma waje, akakaa uani na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Hakuanza kusema mpaka alipotafuna vipande kadhaa. Baba yangu alikaa chini mbele yake kama mtoto wa shule.

"Maganga."

"Naam, baba."

"Nilipokuwa nacheza na chatu, wewe ulikuwa mdogo, unakaa mbele. Chatu alipokuwa ananibana shingo, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalia."

"Na ngoma ilipokwisha, ulimfanya nini chatu?"

Baba akaanza kuchora chini kwa kidole. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Ulimletea kifaranga," babu Ng'wandu akasema. "Ulimwibia mama yako kifaranga ukamletea chatu, ukasema amecheza vizuri. Ulikuwa na akili kuliko leo."

Akachukua mchembe mwingine. "Sisi wa kundi la Wagalu na wale wa kundi la Wagika tulishindana ngoma kila baada ya mavuno. Mchana kutwa tulitukanana kwa nyimbo, mpaka mama zetu tuliwataja. Jua likizama, pombe chungu kimoja. Aliyelibeba tusi la ngoma akaenda nalo nyumbani tulimwambia hafai kucheza, na kutazama pia hafai. Leo mmeletewa mchezo wa Wazungu, mmesahau hata mliyozaliwa nayo."

Baba yangu alikuwa mbishi, Mungu amrehemu. Akasema, "Lakini baba, alimkanyaga kichwa."

"Alikanyaga gunia. Mwenye kichwa huyo hapo, muulize."

Juma alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa vijiti na bandeji. "Shikamoo, mzee," akasema. "Kichwa changu ni kizima. Ulioumia ni mkono, na huo haukuvunjwa na Fisi."

 Nilikuwa mlangoni na ungo mkononi, nimesahau kupepeta. Baba yangu alimtazama Luhende, halafu akainuka, akaingia ndani. Tukajua imeshindikana. Lakini asubuhi alivaa koti lake la misa, akampitia Luhende chumbani kwake, wakaenda sokoni pamoja. Akasimama naye mbele ya yule mama wa nyanya, mbele ya soko zima. "Muuzie mkwe wangu," akasema. Hakuongeza lingine. Aliporudi aliniambia nyanya zenyewe zilikuwa mbovu.

Usidhani aligeuka malaika. Mpaka anakufa, ikiwekwa mieleka alikuwa anasogeza kigoda chake mbali kidogo na mkwewe. Mdomo ulisema mkwe, mwili ulikuwa bado unamwogopa Fisi.

Na mambo hayakurudi kama zamani. Mkono wa Juma haukunyooka tena. Kazi ya machimboni ikamshinda, ndipo alipoanza kushona viatu. Ndiyo, babu Juma huyo huyo anayekuja kwetu kila Krismasi, yeye Mwislamu, kwa sababu babu yako naye huenda kwake kila Idi. Yule mnayemwigiza akiondoka, anavyoshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Sasa umejua. Luhende hakukanyaga ulingo tena. Banda likarudia kanda zake za kutetemeka, na watu wale wale waliokataa kumuuzia nyanya wakaanza kulalamika kwamba mji umekosa burudani. Nakuambia, mwanangu, binadamu anachosha.

Kwa hiyo nisikilize, na simu iweke chini ninapoongea. Shabikia. Piga kelele, mzomee mbaya, ndiyo haki yake. Asipozomewa atajua hakufanya kazi vizuri. Lakini mchezo ukiisha, umwache aende kwao. Yule mwanamke unayemtakia kuvunjika shingo ana shingo ya kweli, na kila akipanda ulingoni anaiweka mikononi mwa yule yule mnayedhani anamchukia. Ana mama anayesoma mnayoandika, labda ana mchumba ambaye mkwe hamtaki. Wewe unaandika umekaa kwenye kochi langu unakula karanga zangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Zamani mwenye neno baya ilibidi alitembeze kwa miguu kutoka boma hadi boma, na hata hivyo lilivunja mkono wa mtu. La kwako linafika kabla hujameza mate.

Na umwambie Ngasa, kwa kuwa kunikwepa anajua, kwamba kujua siri ya mchezo si akili ya kuringia. Mimi nilishona kile kinyago, nilijua kila kitu, na bado Simba alipoanguka moyo ulinidunda. Anayemharibia mwenzake raha kwa kujionyesha anajua, na anayeamini mpaka akashika fimbo, kwangu wote ni watazamaji wabaya.

Babu yako hatakuambia lolote kuhusu haya. Miaka yote hajataka yasimuliwe, na leo nimeyasimulia kwa hasira, ataninunia. Yafute uliyoandika kwanza. Kisha nenda ukakae naye, umwamkie vizuri, umuulize kuanguka kunafundishwaje. Muulize hilo tu.

Ng'wana wane, mwanangu, Mungu akupe macho ya kufurahia na moyo wa kuhurumia, visipishane njiani. Ulimi wako uwe mwepesi wa kusifu, mzito wa kujeruhi. Popote utakapotafuta riziki, juu ya ardhi au chini yake, ukutane na watu wanaokutazama vizuri kabla ya kukuhukumu, nawe uwatazame vivyo hivyo. Amina. Haya, inuka.