Ombi Nililotoa Mbele ya Akina Mama

Mtoto aliletwa kwangu mtaa wa Komarock na ofisa wa watoto nimlee kwa muda, ana begi moja na miaka kumi na tano. Nilikuwa nimeambiwa akilemewa anajikata mikono, na nisimlazimishe kuonyesha. Wiki ya tatu akaniambia mwenyewe, tukichambua mboga ya sukuma. Akamaliza, "Lakini Anti, hiyo ni yetu wawili." Nikasema sawa.

Kutoka hiyo siku sikutulia. Akiingia bafu, nasimama koridoni najifanya nakunja nguo. Kwa darasa la jioni ninalosoma, mwalimu anaandika ubaoni, mimi naangalia simu chini ya deski kama amenitafuta. Nikiomba, maneno yanakatika katikati, naenda kuchungulia kama amelala.

Alhamisi ushirika wa akina mama wa kanisa ulikuwa kwangu. Kwetu kabla ya chai kila mtu anatoa ombi lake, na ukinyamaza unaulizwa kama umekosana na Mungu. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimechoka kubeba peke yangu. Nikasema, "Kuna mtoto anajiumiza mikono. Mnisaidie kumwombea." Jina sikutaja, nikadhani nimetunza siri. Na nyumba yenyewe ina mtoto mmoja!

Hapo mtoto akatoka jikoni na chupa ya chai. Katibu wetu, mama wa roho safi lakini mdomo hauna breki, akamwita. "Kuja hapa mrembo. Hebu kunja mikono ya hiyo sweta tukuwekee mikono tukuombee."

Aliweka chupa mezani polepole. Hakumwangalia katibu, aliniangalia mimi. Akatoka.

Nilimkuta kwa ngazi, amekumbatia magoti.

"Uliwaambia."

"Niliwaambia. Nimekosa."

"Si ulisema ni yetu wawili? Mpigie ofisa anichukue. Hapa ni kama kwingine tu."

Nilitaka kujitetea, nimwambie hayo ni maombi, si udaku. Lakini macho ya watu sita yalikuwa yameenda kwa mkono wake, na ni mimi niliyapeleka. Nikarudi ndani.

"Akina mama, naomba muende."

"Kabla ya kufunga ushirika na maombi?" Katibu alishika kifua. "Na hata chai hatujaonja!"

"Mtafunga mkiwa njiani. Na hiyo habari iishie hapa. Hata mchungaji msimwambie."

Walishuka ngazi wakinong'ona. Mmoja alitaka kumgusa mtoto kichwa, nikauondoa mkono wake.

Mtoto akaja akasimama mlangoni. "Anti, umefukuza kanisa?"

"Nimefukuza wageni."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Usiniombee tena na sauti."

"Na kimoyomoyo?"

Akafikiria. "Hiyo siwezi kukuzuia."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamuuliza, maana ni yeye alikuwa na haki ya kusema, "Ofisa nimpigie?"

"Ngoja kwanza."

Hakusema ningoje mpaka lini, na mimi sikuuliza.