Majani Aliyokatazwa Mama

Mama yangu alikuwa mjane wa mfugaji huko Bihambwe, na kwa miaka mingi alimeza kila asubuhi kidonge kidogo cha kuzuia damu isigande, maana moyo wake ulidunda bila mpangilio. Daktari wa Goma aliyempa dawa hiyo alituonya kuhusu mboga za majani. Tulitoka pale na neno moja tu kichwani: majani ni marufuku. Nyumbani halikuwa jambo gumu. Tulikuwa na maziwa, maharage na viazi.

Vita vilipofika mlimani kwetu, tuliacha ng'ombe tukatembea siku sita hadi Walikale, Mama akisimama kila mara kuvuta pumzi. Huko mwanamke mmoja ambaye hatukumjua alitufungulia nyumba yake. Alitupikia alichokuwa nacho: bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese. Mama akala bugali mkavu. Siku ya kwanza mwenyeji wetu aliondoa sombe iliyobaki. Siku ya tatu akaweka mwiko chini.

"Mama, sombe yangu iko na sumu?"

"Hapana, dada. Ni dawa njo inanikataza."

"Dawa gani inakataza muntu kula?"

Sikujua niangalie wapi. Alikuwa akichuma yale majani mwenyewe, akiyatwanga hadi mikono kumuuma, nasi tulikuwa tunayasukuma pembeni kila siku.

Mama alipozidi kukonda nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mwanaume mwenye mvi, alimshika kifundo cha mkono kwa muda mrefu, akampima presha mara mbili. Kisha akaniuliza daktari alisema nini hasa.

"Alisema asikule majani."

"Asikule? Ao asibadilishe?"

Mama ndiye aliyejibu, polepole, kama anayekumbuka. "Alisema nisikule mingi leo, halafu kesho nikose."

Muuguzi akatueleza kwamba majani yana vitamini K, inayosaidia damu kuganda, na kidonge kinapigana nayo. Daktari hupima kidonge kulingana na chakula, kwa hiyo mtu anatakiwa kula kwa kiasi kilekile. Miaka yote ile nilikuwa nimemnyima mama yangu mboga kwa sababu ya maneno niliyoyasikia nusu.

"Vidonge vimebaki ngapi?" akauliza.

Vilikuwa tisa. Walikale hapakuwa na vingine, wala mashine ya kupima damu.

"Basi ale kidogo kila siku. Vikiisha, tutamuangalia."

Mchana ule Mama aliomba sombe mwenyewe. Mwenyeji wetu alimpakulia, akaketi karibu naye, wakala sahani moja.

Vidonge vikaisha. Kila asubuhi nilimchungulia Mama mdomo, kama haujapinda kwa kiharusi. Haukupinda. Barabara ilipofunguka tukaenda Goma, na daktari akatuonyesha picha ya kifua cha Mama. Kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni palikuwa na mstari mweupe.

"Hii ni chokaa," alisema. "Mushipa inapaswa kupanuka na kurudi kila moyo ukipiga. Ya Mama imekuwa ngumu."

Nikauliza sababu.

"Umri. Presha. Pengine hata dawa yenyewe, kwa miaka mingi. Ile vitamini inayozuiwa na dawa inasaidia pia kuzuia chokaa kwenye mishipa. Lakini hatujui kwa hakika."

Mama alikuwa akisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Docta, kitu gani itaniua mbele ya ingine?"

"Damu ikiganda, Mama."

"Basi andika dawa."

Akaandika. Mama aliimeza karibu miaka miwili, na kila siku akala mboga kiganja kimoja, kwa kiasi kilekile. Miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa fupi hata akiwa ameketi. Moyo uliochoka kusukuma damu katika mishipa migumu ulisimama Jumapili mchana, akiwa juani nyuma ya nyumba. Nilidhani amesinzia. Nilimaliza kuanika nguo ndipo nikamwita.