Jikoni Si Mbali

Fundi simu wa mtaa huu, safari ya siku nzima kutoka kwetu Dodoma, amechomelea waya, na ule moshi wa risasi ya kuchomelea umenirudisha uani kwetu Mkonze.

Baba na wenzake watatu walikuwa na klabu ya redio. Mitambo waliiunda wenyewe, midogo, nguvu yake haizidi ya tochi, na kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja aliwaita wenzake akiwa nyumbani kwake. Desturi yao ilikuwa moja: ukimsikia mtu, umwambie anasikikaje na hali ya hewa ikoje ulipo. Kisha ofisi zikaanza kupunguza watu. Mmoja alirudi kijijini kwao, mwingine akauza mtambo, na yule wa Nzuguni akanyamaza tu.

Baba aliendelea kuita. Mimi alinitengenezea kiredio cha kusikiliza tu, nikakiweka jikoni juu ya gunia la mtama. Jumapili moja upepo ulikuwa ukitia vumbi hadi kwenye sufuria, na sauti yake ikaja na mikwaruzo: "Kuna anayenisikia?" Akauliza tena.

Nilikimbia uani, nikasimama mbele yake wima kama mwanachama.

"Baba, nakusikia vizuri. Huku kuna upepo na vumbi."

Alinitazama, kipaza sauti bado kiko mkononi.

"Asante, mwanangu," alisema taratibu. "Lakini jikoni si mbali."

Akageukia mtambo, akaita Nzuguni. Nikarudi jikoni kumsikiliza.