Mke wa Mlowezi wa Kila Jumapili

Noeline Haddrell alikuwa na siku mbili za kuishi kwa wiki. Zile tano nyingine alizingoja tu zipite. Jumamosi alituongoza sisi wastaafu wanane kutembea juu ya magenge ya pwani, mashariki mwa Auckland. Jumapili alivaa gauni refu na kofia ya kamba za kidevuni, akawa mke wa askari mlowezi wa mwaka 1848 katika kijiji cha makumbusho.

Kipupwe ndicho alichokipenda zaidi. Ukimpigia simu asubuhi ya mvua kuuliza kama safari ipo, alikujibu, "Kwani wiki iliyopita ulirudi mkavu?" Basi tulikwenda. Tulikwama kwenye tope, tukala sandwichi za mayai zilizolowa chini ya miti ya pwani iitwayo pohutukawa, na yeye akatuhubiria jinsi walowezi walivyolala kwenye vibanda vya matete bila kunung'unika.

"Wewe umejuaje hawakunung'unika?" Trevor, fundi paa mstaafu, alimuuliza siku moja.

"Wangenung'unika, wewe usingekuwa hapa."

Ukweli ni kwamba Noeline alifanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ya leseni za magari, na nyumbani kwake hapajawahi kuwa na jiko lisilo la umeme. Pale kijijini, nyuma ya pazia la kibanda chake, palikuwa na hita ndogo, na birika la umeme lilijificha nyuma ya pipa la unga. Kwenye meko aliweka kuni tatu safi na taa nyekundu chini yake. Watalii waliipiga picha taa hiyo, wakasema wanalisikia joto.

Jumapili moja ya Julai alitualika sote tupite njia ya pwani, halafu tumalizie kwake kwa chai na skonzi. Tulifika tukichuruzika maji. Ndani tulimkuta mama mmoja wa Kipunjabi, Gurmeet Kaur, na mkwewe Jaspreet, waliokimbilia humo kujikinga na mvua. Noeline alikuwa ndiyo kwanza ameanza hotuba yake kuhusu uvumilivu, radi ikapiga, na umeme ukakatika kijiji kizima.

Taa nyekundu ikazimika. Hita ikanyamaza.

"Sasa si uwashe moto wenyewe?" Trevor alisema, meno yakigongana.

Noeline alicheka kidogo, akapiga magoti. Alimaliza nusu ya kibiriti. Kuni hazikuwaka hata kidogo, maana ndizo zilezile tangu kijiji kifunguliwe, na zilikuwa zimepakwa vanishi. Alipopata kuwasha gazeti, moshi ulirudi ndani wote. Tukakohoa. Kofia yake ikamwangukia puani, naye machozi yakimtoka akaendelea kueleza kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa zamani.

Gurmeet alimwambia mkwewe neno. Jaspreet akaona haya kulitafsiri.

"Amesema nini?" Noeline aliuliza.

"Amesema... anauliza kama wewe ndiye mwenye nyumba."

Mama yule hakungoja jibu. Alimsogeza Noeline kwa bega, akaingiza mkono juu ya meko, akavuta kifuniko cha dohani, na kiota cha ndege cha miaka mingi kikamwangukia miguuni. Akakichukua kiota hicho hicho, akavunja ubao wa kasha la skonzi, akapanga, akapuliza mara mbili. Moto ukawaka. Hakukuwa na mtu aliyepiga picha. Sote tulikuwa tumenyoosha mikono. Kisha akaiangalia sufuria ya maonyesho, akaifuta kwa mtandio wake, akaitia maji, majani na maziwa.

Noeline alikaa kwenye kigoda na uso wenye masizi. Tulipokuwa tunakunywa, Gurmeet alimuuliza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Watu wako, walikuja na meli ya askari?"

Sote tuligeuka, maana jibu lake la siku zote, kwamba mababu zake walishuka kwenye meli hiyo, tulilijua kwa moyo. Noeline alikizungusha kikombe.

"Nilikuja na mama yangu mwaka hamsini na nane," alisema. "Nilikuwa na miaka sita. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilinung'unika mwezi mzima."

Trevor alifungua mdomo. Nilimkanyaga.

Kamati ya kijiji iliposikia habari hizo ilimwandikia Gurmeet barua kumwomba awe anawasha moto kila Jumapili, ila avae gauni na kofia ili historia isipotoshwe. Alikubali moto, kofia akaikataa. Siku hizi wageni wanamkuta amevaa suruali yake pana ya salwari na soksi mbilimbili mbele ya meko, na Noeline pembeni akieleza dohani inavyofanya kazi, kama vile ameigundua yeye.

Noeline alimshawishi aje na Jumamosi pia. Alikuja mara moja, mvua ikimwagika, akapanda nasi genge la kwanza na la pili.

"Huko mbele kuna nini?" aliuliza.

"Njia inaishia hapo," Noeline alimjibu. "Tunageuka, tunarudi."

Akasimama. "Hakuna mgonjwa wa kumwona?"

"Hakuna."

"Wala duka?"

"Gurmeet, tunatembea tu!"

Akatutazama mmoja mmoja kwa huruma kubwa, akatutakia safari njema, akateremka kwenda kungoja basi.